Stoo ya Maabara na Uimara wa Jengo Lako: Kwa Nini Vifaa Tumizi Hutunzwa kwa Utaratibu

Wakazi wa Ilala wanaijua thamani ya jengo imara. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo. Katika matukio yote mawili ndugu zetu walipoteza maisha. Kuporomoka kwa jengo huweza kuwa na sababu nyingi. Upimaji wa vifaa vya ujenzi katika maabara ni mojawapo ya kinga zake, na kinga hiyo huanzia mahali ambapo mwananchi hapaoni, yaani kwenye stoo ya maabara.

Vifaa tumizi ni vipi?

Ni vile vinavyokwisha kadiri vinavyotumika: mchanga sanifu, vitendanishi vya kemikali, karatasi za kuchujia, vimumunyisho vya lami, mafuta ya kupaka kalibu za zege na chembechembe za kufyonza unyevu. Mashine ya kugandamiza zege inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kama vifaa hivi vimeharibika, jibu litakalotolewa halitaaminika.

Chukua mfano wa mfuko wa saruji. Namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa juu yake ni kiwango cha nguvu kinachotarajiwa baada ya siku 28, kwa Newtoni katika kila milimita moja ya mraba. Ili kukihakiki, maabara huchanganya gramu 450 za saruji, gramu 1,350 za mchanga sanifu na gramu 225 za maji. Mchanga huo huja ukiwa umepimwa na kufungwa katika mifuko midogo. Mfuko ukichanika rafuni na mchanga ukamwagika, uwiano huo umevurugika.

Unyevu, adui wa pwani

Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hususan wakati wa masika. Saruji ikifikiwa na unyevu huanza kuganda na kupoteza nguvu kabla ya kutumika. Kwa sababu hiyo sampuli za saruji huhifadhiwa katika vyombo visivyopitisha hewa.

Athari hufika hadi barabarani. Ili kujua kama udongo umeshindiliwa ipasavyo, fundi sanifu huchimba shimo dogo, hupima uzito wa udongo uliotoka, kisha hulijaza shimo kwa mchanga maalumu mkavu ili kupata ujazo wake. Mchanga huo ukinyonya unyevu hushikana na haujai vizuri. Hesabu zitaonyesha shimo dogo kuliko lilivyo, na barabara itaonekana imeshindiliwa vizuri wakati sivyo. Mashimo yatajitokeza baadaye, fedha za umma zikiwa zimekwisha kulipwa.

Stoo iliyopangwa vema

Kila chombo huwa na lebo yenye jina la kifaa, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kinachokaribia kuisha muda hutangulia kutumika, na kilichopita muda hutengwa ili kisichukuliwe kwa bahati mbaya. Asidi haziwekwi pamoja na besi, wala hazipandishwi rafu iliyo juu ya usawa wa macho. Vimumunyisho vinavyowaka huwekwa mbali na tanuri. Mifuko hupangwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Aidha, leja huonyesha kilichoingia, kilichotoka na kiwango ambacho kikifikiwa ni lazima kuagiza kingine. Jambo hili ni nyeti: zege hupimwa kwa kawaida likiwa na siku 7 na siku 28. Kifaa kikikosekana siku ya 28, siku hiyo hairudi. Kipimo kitakachofanyika wiki moja baadaye kitakuwa cha zege lenye umri mwingine.

Wajibu wa mkazi

Mkazi anayejenga ana haki ya kumtaka mkandarasi amwonyeshe ripoti ya maabara. Angalia jina la mradi, tarehe ya kumwaga zege, tarehe ya kupima na umri wa sampuli. Hakikisha pia kwamba mhandisi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Hata saruji unayonunua kwa ujenzi mdogo wa nyumbani inahitaji utaratibu uleule: inyanyue juu ya mbao, ifunike, na utangulize kutumia ya zamani. Mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole usiutumie kwenye nguzo wala zege la juu.

Ukiona ujenzi unaokutia shaka katika mtaa wako, toa taarifa mapema kwa Mtendaji wa Mtaa au ofisi ya Kata. Tahadhari ni kabla ya athari.