NAKALA YA MIPANGILIO YA SEVA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kwamba seva ya kuhifadhia kumbukumbu ina mambo mawili, ambayo aghalabu huchanganywa. Kwanza ni kumbukumbu zenyewe: barua, hati za ardhi, orodha za mishahara. Pili ni mipangilio yake: jinsi diski zilivyounganishwa, nani anaruhusiwa kufungua jalada lipi, anwani za mtandao na funguo za siri. Mipangilio hiyo kwa kawaida ni faili dogo, na pengine udogo wake ndio unaolifanya lisahauliwe.

Seva ikiungua, kumbukumbu zilizonakiliwa hurejeshwa katika mashine mpya. Lakini bila ya faili hilo fundi hulazimika kupanga ruhusa za kila mtumishi kwa kukisia, na mishahara ikaonwa na asiyehusika. Ikiwa diski zilifungwa kwa ufunguo wa siri nao umeteketea, basi hata diski iliyonusurika haisomeki.

Tarehe 26 Septemba, 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Hifadhi ya pamoja ya watumishi, yenye terabaiti 858, ilipotea, kwani haikuwa na nakala pengine.

Kwa hivyo, nakala ya mipangilio hutolewa kila inapobadilishwa, ikatiwa tarehe na nywila, na kuwekwa nje ya jengo. Ya Unguja yaweza kukaa Pemba, na ya Pemba Unguja. Kisha hujaribiwa katika mashine nyengine, na fundi ambaye siye aliyeipanga seva hiyo.