Injini Inanguruma, Boti Haisogei

Malalamiko ya aina hii hutufikia kwa maneno yanayofanana. Mwenye boti anaongeza mafuta, injini ya kupachika inapiga kelele kuliko kawaida, lakini boti inatambaa tu. Fundi anamwambia kwamba gia zimekwisha na sehemu yote ya chini ya injini inunuliwe upya. Analipa, au anakopa ili alipe, kisha anakuja kugundua kwamba kilichoharibika kilikuwa kipande cha mpira. Hatusemi kwamba mafundi ni wadanganyifu. Wengi hukisia kabla ya kupima. Hata hivyo, gharama ya makisio hayo humwangukia mteja.

Katika injini nyingi zinazotumiwa na wavuvi wetu, zikiwemo zile za hosipawa 15, propela haikushikana na shafti moja kwa moja. Kati yake kuna bushi ya mpira iliyoshindiliwa kwa nguvu. Propela ikigonga mwamba au gogo, mpira huteleza kidogo ili pigo lisifike kwenye gia. Ukishateleza mara nyingi, au ukichakaa kwa umri, hauwezi tena kubeba nguvu ya injini. Dalili yake ni hii: mwendo wa polepole boti inakwenda vizuri, lakini ukizidisha mafuta injini inaruka juu na boti haifuati. Injini ndogo za zamani hutumia pini laini badala ya bushi. Pini ikikatika, propela haisukumi kabisa.

Upimaji wake hauna gharama. Zima injini, ondoa waya wa plagi, kisha piga mstari mmoja wa rangi isiyofutika kwa maji, uanzie kwenye kitovu cha ndani cha propela na kuvuka hadi kwenye mwili wake wa nje. Rangi ikikauka, rudisha waya, nenda majini na uendeshe kwa nguvu kwa muda mfupi. Ukirudi na kuona vipande viwili vya mstari vimeachana, bushi imeteleza. Vikiwa bado vimekutana, tazama kwingine: mwani au mfuko wa plastiki uliojisokota, tumbo la boti lililojaa chaza, au injini iliyofungwa juu mno hata propela ikavuta hewa. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa karibu usawa na chini ya boti.

Mara nyingi tatizo la pili hujitokeza wakati wa kufungua: propela imegandana na shafti kwa chumvi na kutu. Hapa haraka ndiyo huzaa hasara. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye meno ya shafti na uache usiku kucha. Rudia kesho ikibidi. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya shafti ili kulinda nyuzi zake, kisha gonga kitovu kwa nyundo ya mbao huku ukiizungusha propela. Usipige ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma, wala usichomeke nondo kati ya propela na nyumba ya gia, kwa sababu nyumba hiyo ni ya alumini na hupasuka. Moto uwe njia ya mwisho, mikononi mwa fundi na mahali pa wazi, kwani huunguza mpira na sili.

Ikiwa shafti yenyewe haizunguki hata gia ikiwa huru, fungua skrubu ya chini ya nyumba ya gia na uangalie oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kwa sababu uzi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela umekata sili. Ukikuta vipande vya chuma, hapo ndipo neno la fundi kuhusu gia lina uzito. Mtake akuonyeshe oili hiyo kabla hujakubali bei.

Propela yenye mapanga mazima yafaa kutiwa bushi mpya kwa mashine ya kushindilia, na kwa kawaida gharama hiyo ni ndogo kuliko ya propela nzima. Ziko njia mbili za mkato tunazozikataa. Ya kwanza ni kutoboa kitovu na kukifunga kwa bolti. Ya pili ni kuweka msumari mahali pa pini. Msumari haukatiki kwa urahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: pigo linalofuata linapokewa na gia, pengine mbali na pwani na abiria wamo ndani. Ukijikuta baharini na bushi iliyoteleza, punguza mafuta na urudi taratibu.

Ukinunua propela, linganisha idadi ya meno ya shafti na namba mbili zilizochongwa kwenye kitovu; ya kwanza ni upana wake kwa inchi, ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Omba makadirio kwa maandishi, risiti yenye namba ya kipuri, na kipuri cha zamani mkononi mwako. Kwa Tanzania Bara, vipuri bandia vinahusika na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Kabla ya kufunga, safisha meno ya shafti, yapake grisi isiyoondolewa na maji ya chumvi, rudisha washa kwa mpangilio uleule na uweke pini mpya ya kuzuia nati. Anayefanya kazi baharini aifungue propela kila baada ya miezi michache, aondoe uzi, apake grisi tena.