Safari ya Kuwinda Hupangwa kwa Kuanzia Njia ya Kurudi

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huo ulizaliwa chomboni, lakini unamfaa pia msafiri wa nchi kavu, hasa yule anayejiandaa kuingia katika milima asiyoijua akiwa na bunduki begani. Wawindaji wengi hupanga safari kwa kuanzia silaha, risasi, gari na chakula. Njia ya kumtoa porini mwenzao aliyeumia huifikiria siku anapoumia. Makala haya yanapendekeza mpangilio ulio kinyume cha huo: tuanze na njia ya kurudi, kisha mengine yote yapangwe kwa kuifuata.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee wa miaka 56, mkazi wa Old Korogwe, ana kisukari na shinikizo la damu. Ujanani aliwinda katika mbuga za Handeni. Sasa anakusudia kwenda na wanawe wawili, waliokulia Dar es Salaam, hadi kwenye vilima vilivyo chini ya Milima ya Nguu, upande wa Kilindi, mahali ambapo hajapata kufika. Hawatakodi kampuni ya uwindaji. Kila kitu watajipangia wenyewe. Anafika kliniki kuchukua dawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie dawa za mwezi mzima, Jumamosi ninasafiri."

"Safari njema, baba. Unaelekea wapi?"

Swali hilo la tatu halimgharimu muuguzi hata dakika moja. Hata hivyo, ndilo linalofungua mlango wa mazungumzo yote yanayofuata.

Kwanza, uhalali wa safari

Uwindaji nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni hutaja mnyama, idadi, eneo na muda. Wanaotokea Korogwe wakumbuke kwamba misitu ya hifadhi ya mazingira asilia, kama Magamba na Amani katika Usambara, si mahali pa kuwinda, na kwamba Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba, ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008.

Jambo hili linaihusu afya moja kwa moja. Mwindaji asiye na kibali akiumia hujificha. Huchelewa kuomba msaada, na afikapo hospitali hubadili maelezo ya jeraha lake. Mwenye leseni huweza kuaga hadharani, naye anayeaga hadharani hutafutwa mapema. Kwa watumishi wa afya, kanuni haibadiliki: mgonjwa hutibiwa kwanza, awe na kibali au asiwe nacho.

Pima njia kwa saa za mtu aliyebebwa

Ramani huonyesha kilomita. Mgonjwa huhesabu saa. Mtu mzima mwenye afya hushuka mteremko kwa saa moja. Akivunjika mguu, mteremko uleule huhitaji watu wanne wa kumbeba kwa machela na wengine wanne wa kuwapokea wakichoka, nao watatumia saa nyingi zaidi. Kundi la watu watatu haliwezi kumbeba mmoja wao mbali. Ukweli huo pekee unatosha kuamua kwamba mzee wetu na wanawe wahitaji mwenyeji wa kijiji cha karibu, mtu anayejua njia, mito na namna ya kuita watu.

Kabla ya kuondoka, waandike kwenye karatasi mambo manne: mahali pa kambi; kijiji cha karibu na saa za kukifikia kwa miguu; mahali gari linapoweza kufika hata mvua ikinyesha; na kituo cha afya cha kwanza, kisha hospitali inayofuata. Kwa wanaorudi upande wa Korogwe, hospitali hiyo ni Magunga. Rufaa ya mkoa ni Bombo, jijini Tanga, takriban kilomita 100 kutoka Korogwe. Wapige simu mapema kuuliza kama dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo, na kama hospitali ina damu na daktari wa upasuaji. Jibu likiwa hapana, mpango wa kumtoa mgonjwa uelekee moja kwa moja mahali vitu hivyo vilipo.

Nakala moja ya karatasi hiyo ibaki kwa mke au ndugu, nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Iandikwe pia siku na saa ambayo, wasiposikika, watu waanze kuwatafuta. Simu isitegemewe peke yake, kwani mabondeni mtandao hupotea.

Mwili wa msafiri

Kituo cha afya kitembelewe wiki sita hadi nane kabla ya safari. Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayeishiwa pumzi kwa kupanda kilima kidogo, au aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni, aahirishe safari hadi daktari atakapomruhusu. Mwenye kifafa asibebe silaha. Wengine waanze mazoezi ya kutembea wakiwa na mzigo, wakiongeza muda hatua kwa hatua, kwa viatu vilevile watakavyovaa porini.

Mwenye kisukari ana hatari ya pekee. Kutembea kutwa nzima hushusha sukari, na dalili za kushuka kwake (jasho, kutetemeka, ukali, kuchanganyikiwa) huonekana kwa wenzake kama uchovu au hasira. Wanawe wazijue dalili hizo. Glukosi au sukari iwe mfukoni mwake, si katika begi lililobaki kambini, na anayechanganyikiwa anyang'anywe silaha kabla ya jambo lingine. Insulini inayotumika hudumu takriban wiki nne ikiwa haikupigwa na jua wala joto kali. Ikiwekwa juu ya mchanga uliolowanishwa, ndani ya chungu cha udongo kilicho kivulini, hupoa vya kutosha. Dawa zigawanywe katika mifuko miwili inayobebwa na watu wawili, ziwe na akiba ya siku kadhaa. Mwenye shinikizo anayetumia dawa za kuongeza mkojo aulize mapema afanye nini akiharisha au akikaukiwa maji.

Chanjo ya pepopunda ihakikiwe. Kuhusu urefu wa milima, hofu si ugonjwa wa mwinuko: hata kilele cha juu kabisa cha Usambara hakifiki mita 2,500, na chini ya hapo ugonjwa huo ni nadra. Linaloumiza zaidi ni baridi ya usiku juu ya nguo zilizolowa mvua. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya nailoni, zisiguswe mchana.

Ajali zenye haraka

Bunduki ndiyo hatari wanayoibeba wenyewe. Mtutu usielekezwe kwa mtu wakati wowote, risasi ziondolewe kabla ya kupanda gari na kabla ya kuingia kambini, na wote wavae kitambaa chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa nguvu, bila kuchungulia, kwa dakika kumi kamili. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na isikome, kitambaa kipana kifungwe juu ya jeraha, si juu ya kiungo, kikazwe kwa kijiti hadi damu ikome. Saa ya kufunga iandikwe, na kitambaa kisilegezwe njiani.

Katika kuumwa na nyoka kanuni ni nyingine, na mkanganyiko huu umewagharimu watu viungo. Aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba ya kukaza, asichanjwe, asinyonywe sumu, asiwekewe jiwe jeusi. Pete, saa na viatu vitolewe kabla ya uvimbe. Kiungo kifungwe kwa vijiti kisitikisike, na mgonjwa abebwe badala ya kutembea. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumua. Akianza kulegea kope na kushindwa kumeza, alazwe ubavu, na pumzi ikikoma apuliziwe mdomo kwa mdomo hadi hospitali. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Nyoka asifukuzwe ili auawe. Tunao wagonjwa wa pili walioumwa katika kumfukuza wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na sehemu kubwa ya vifo vyake hutokana na kuchelewa. Ndiyo maana karatasi ya saa ina thamani kuliko kisu cha kuchanjia.

Aliyeng'atwa na mbwa, mbweha au fisi aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aondoke siku hiyohiyo kwenda kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Jeraha dogo lisimdanganye. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu hauna tiba.

Nyama na kambi

Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe, hata akionekana mbichi. Huenda amekufa kwa kimeta. Atolewe taarifa kwa maofisa wa mifugo au wanyamapori. Anayechuna avae glavu na afunike michubuko ya mikono. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo mlipuko wake wa 2006 na 2007 uliua watu nchini, huambukizwa pia kwa damu ya mnyama mgonjwa, na ugonjwa wa brusela hupatikana kwa njia zinazofanana. Nyama ipikwe hadi ndani isibaki nyekundu, hasa ya ngiri na nguruwe pori.

Kibanda kilichoachwa kisiwe mahali pa kulala: papasi huishi katika nyufa za sakafu ya udongo na huuma usiku. Hema na chandarua chenye dawa ni bora. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na madimbwi ya nyanda za chini yasiogewe kwa sababu ya kichocho.

Safari haiishi siku ya kufika nyumbani

Mnamo Februari 1857, Richard Burton na John Hanning Speke walisafiri kutoka Pangani, wakafuata bonde la mto na kupanda milima ya Usambara hadi Vuga, makao ya Kimweri. Walipanda, wakapokewa, wakashuka. Homa iliwaangusha baada ya kurudi Pangani, nao wakarejea Unguja wakiwa wagonjwa. Ilikuwa miaka 40 kabla Ronald Ross hajaonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Leo tunajua kwamba malaria hujitokeza mara nyingi kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo homa ya porini huja mtu akiwa kitandani kwake, au kazini Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna anayekumbuka Nguu.

Wana wa mzee wetu wako hatarini kuliko baba yao. Aliyekulia mahali penye malaria kidogo, mjini au kwenye miinuko kama ya Lushoto, hana kinga ya aliyeishi nayo bondeni. Wajadiliane na daktari kuhusu dawa za kinga.

Kwa wenzangu wa zahanati na maabara, nasisitiza jambo moja. Kipimo cha haraka cha malaria huona malaria tu. Kikisema hapana, mwindaji mwenye homa hajapona. Damu yake isomwe kwa hadubini, kwa kuwa tone nene lililosomwa kwa makini laweza kuonyesha vijidudu vya homa ya papasi na hata vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao katika Afrika Mashariki huweza kuua ndani ya miezi michache. Kidonda cheusi kisichouma kikumbushe kimeta. Homa ya wiki kadhaa yenye jasho na maumivu ya viungo ikumbushe brusela. Kipimo kikisema ndiyo, tibu malaria, lakini homa isiposhuka rudi kwenye orodha hiyo.

Mzee wetu, basi, anaondoka kliniki akiwa na dawa katika mifuko miwili, karatasi yenye saa na namba za simu, na tarehe ya kurudi kupimwa. Jumamosi imesogezwa mbele kwa wiki sita, ili apate kufanya mazoezi na kumtafuta mwenyeji wa kule aendako. Na kwenye kadi yake muuguzi ameandika mstari mmoja ambao yeyote atakayempokea baadaye na homa atauona kwanza: "Amekwenda porini, Kilindi", pamoja na tarehe za kwenda na kurudi.