Ujira wa Mwana si Nafaka Yake



Lori la nyanya na vitunguu liondokapo Kimana kushika njia ya Emali kuja Mombasa, nyuma yake huwa pana nyumba nzima. Baba amenunua mashambani, mama ameshika daftari, binti aliyekwisha maliza shule amehesabu makreti tangu alfajiri. Jioni faida huhesabiwa. Binti hupewa nauli na dua. Ndipo wazazi huulizana: tukimwandika kazi, kodi itapungua?

Huenda ikapungua. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mfanyabiashara kutoa gharama zilizotumika kuleta mapato yake, na mshahara ni mojawapo, alipwe mgeni au mwana. Kwa viwango vya 2025, shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu apewayo kila mlipa kodi ni 2,400 hizo hizo. Binti alipwaye 24,000 hadaiwi kodi ya mshahara. Mzazi ambaye faida yake imefikia ngazi ya asilimia 30 huokoa 7,200.

Yapo pia makato. NSSF huchukua 1,440 kwa binti na 1,440 kwa mwajiri, bima ya afya ya SHA 660, ushuru wa nyumba 360 kwa kila mmoja. Jumla ni 4,260, ingawa 2,880 za NSSF ni akiba ya uzeeni ya binti mwenyewe.

Tena, biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ikiwa chini ya kodi ya mauzo ya asilimia 3, hutozwa kwa mauzo yote bila kutoa gharama. Huko mshahara wa mwana haupunguzi hata senti. Mzazi na ajue kwanza yumo katika kodi ipi.

Kuhusu umri, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake.

Mtego mkubwa ni huu: chakula, mavazi na karo ni matumizi ya familia, na sheria hairuhusu yatolewe kama gharama za biashara. Kuyaita mshahara ni kuandika uongo. Dini yetu nayo imeyatenga mambo haya mawili. Nafaka ni haki ya mwana kwa mzazi wake. Ujira ni haki ya mfanyakazi, nasi tumefundishwa kumlipa kabla jasho lake halijakauka. Aliyetimiza nafaka hajalipa ujira.

Hili lawagusa zaidi mabinti. Anachochuma mwanamke ni mali yake. Lakini binti aliyetumika dukani miaka kumi bila maandishi, siku baba akifariki, atapata fungu lake la mirathi tu. Jasho lake limekwisha ingia katika mali inayogawiwa wote, naye hana hati ya kulidai. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamuru kuandikiana madeni. Mbona tuwaandikie wageni, wanetu tuwaache?

Basi mwana mtu mzima afanyaye kazi kweli apewe mkataba, awe na PIN ya KRA, alipwe kiasi ambacho mgeni angelipwa kwa kazi hiyo, kwa benki au M-Pesa, na fedha hizo zisirudi mfukoni mwa baba. Makato yapelekwe kila mwezi. Mwenye shaka amwone mhasibu.

Kodi ikipungua, Alhamdulillahi. Isipopungua, deni la ujira liko pale pale. Usiku huu, daftari likifunguliwa, na liandikwe pia jina la binti na siku alizofanya kazi.