Mti wa Meru haununuliwi kwa macho tu

WAFANYABIASHARA wengi wa mbao jijini Arusha hununua miti ikiwa bado imesimama. Mwenye shamba kwenye miteremko ya Mlima Meru anahitaji ada ya shule, mnunuzi anaona mgrevilea ulionyooka katikati ya kahawa na migomba, bei inapatana siku hiyo hiyo. Hasara nyingi huanzia hapo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimwachii mwenye shamba uamuzi wote. Mti uliotangazwa na Serikali kuwa wa hifadhi haukatwi bila leseni, hata ukiwa uani kwake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda meta 60 kutoka mtoni, na Meru ni mlima wa mito na vijito. Mijakaranda ya kando ya barabara si mali ya mwenye duka lililo mbele yake.

Mgrevilea wa kupandwa una nafuu, lakini mbao zake zikipakiwa kwenye lori zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bila hati, mzigo unaweza kutaifishwa, na gari pia.

Kwa mwenye mtaji mdogo, lori moja likikamatwa biashara imekwisha. Njia ya salama ni kutoa malipo ya awali tu, kuandikiana nani atalipia vibali, na kumaliza deni karatasi zikiwa mkononi. Shoka lisubiri.