Je, Wajua? Kelele ya kibodi huanzia chini ya kitufe

Je, wajua kwamba kibodi isiyo na mlio wa "tik" bado inaweza kusumbua wasikilizaji wako unaporusha mchezo mtandaoni? Chukua swichi nyekundu ya Cherry MX, yaani kifaa kinachokaa chini ya kila kitufe. Haina mlio wa makusudi, springi yake huitikia nguvu ya gramu 45 hivi, na kompyuta hupokea amri kitufe kikiwa kimeshuka milimita 2 tu kati ya 4. Zile 2 zilizobaki ni za bure, na ndizo zinazoishia kwa kishindo, hasa mchezaji akimkamia adui. Kisha kitufe hurudi juu na kugonga tena. Ndiyo maana toleo lake la kimya lina vipande laini vya kufyonza mshindo wa kushuka na wa kupanda, na safari ya kitufe ikapungua hadi milimita 3.7.

Wapo watakaosema programu za kurushia matangazo, kama OBS, zina kichujio cha kelele, basi ya nini kuhangaika? Kichujio huumudu vizuri zaidi mvumo wa feni usiobadilika. Vitufe hugonga ghafla, mara nyingi katikati ya neno, na kichujio kikikazwa sana sauti ya mtangazaji nayo hukatwakatwa. Wengine hutetea kibodi ya utando wa mpira: ni nafuu na kimya kiasi, kweli, lakini nyingi hutaka kitufe kibonyezwe karibu hadi mwisho, na vidole ndivyo hulipa.