Nani Anaipiku Kusini? Rekodi Tisa za Nyanda za Juu

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, idadi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuandikwa nchini hadi wakati huo. Sasa tuipime kwa mizani ya nyumbani: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,343,754 mkoani Mbeya peke yake. Yaani dunia ilipotuletea wageni wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, hawakufikia hata idadi ya watu wa mkoa wetu mmoja. Na wengi wao walielekea Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, wakaondoka bila kujua kwamba huku kusini kuna maajabu ya kushindanishwa na yoyote duniani. Tunayashindanisha leo, tukianzia hapa Soweto, Mbeya.

1. Kizito kuliko vyote: Kimondo cha Mbozi

Tani 16. Ukitaka kukisawazisha kwenye mizani unahitaji magunia 160 ya mahindi, kila moja la kilo mia. Kina urefu wa mita 3.3, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni chuma. Kimo katika orodha ya vimondo kumi vizito zaidi duniani. Bingwa ni Hoba wa Namibia, mwenye tani 60 hivi.

Wenyeji wa Mbozi walikifahamu zamani. Mpima ardhi W. H. Nott alikiingiza kwenye kumbukumbu za serikali ya kikoloni mwaka 1930, na Desemba ya mwaka huohuo mtaalamu wa jiolojia akaja na msumeno wa mkono kukata sampuli. Alihangaika saa kumi kupata kipande cha sentimita kumi! Kisogelee uone: mwili mweusi wenye mabonyeo kama ya vidole kwenye udongo mbichi, na kwenye ncha yake makovu ya watu waliojaribu kuondoka na kumbukumbu. Udongo wa kilimani ulichimbwa pande zote ukabakizwa mguu mmoja chini yake, kisha mguu huo ukajengewa kuwa kitako. Kwa hiyo kimondo hakijahamishwa. Kipo palepale kilipokutwa.

2. Lenye kina kuliko yote kusini: Ziwa Nyasa

Mita 706 kwenda chini. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, lina kina cha mita 80 na kidogo, hivyo Nyasa inalizidi zaidi ya mara nane. Simamisha viwanja sita vya mpira vyenye ukubwa wa Uwanja wa Sokoine wa hapa Mbeya, kimoja juu ya kingine kwa urefu wake, na bado havitatokeza juu ya maji. Sakafu ya ziwa iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, na humo mnaishi aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Kwa kina, barani Afrika ni Tanganyika pekee inayotuzidi, na hiyo nayo ni yetu kwa sehemu.

Pale Matema, wilayani Kyela, milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Jirani yake ni Ikombe, kijiji cha akina mama wa Kikisi wafinyanzi, ambao vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa mnadani. Vyepesi, vyembamba, vyenye nakshi. Mgeni aliyefika Matema akaondoka bila chungu cha Kikisi ameacha nusu ya safari.

3. Adimu kuliko wote: kipunji

Watafiti walimkuta mwaka 2003 kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, wakamtangaza mwaka 2005. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika baada ya miaka 83. Hesabu ya karibuni iliwakuta 1,966 hivi, wote wakiwa Tanzania, kati ya Rungwe, Livingstone na Udzungwa. Uwanja wa Sokoine unachukua watu 20,000 hivi. Kipunji wote wa dunia hii, wakikaa mmoja mmoja kwenye viti, hawajazi hata sehemu ya kumi!

Rwanda imejenga jina lake la utalii juu ya mgongo wa sokwe wa milimani, ambao inawagawana na Uganda na Kongo. Kipunji hatumgawani na nchi yoyote.

4. Kubwa kuliko zote: Ruaha

Bonde la Usangu lilipoongezwa mwaka 2008, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilivuka kilomita za mraba 20,000 ikawa kubwa kuliko zote nchini. Ilishika taji hilo hadi mwaka 2019, Hifadhi ya Nyerere ilipotangazwa na kilomita zake za mraba 30,893, eneo linalozidi nchi nzima ya Burundi. Lakini hata nafasi ya pili ni ya heshima: Mkoa wa Dar es Salaam ungeingia ndani ya Ruaha mara 14, na Serengeti ingetoshea ikaacha nafasi.

Rekodi nyingine ya Ruaha inauma, nayo iwekwe wazi. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, maji yakiishia mashambani na kwenye mabwawa ya juu huko Usangu. Viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia. Bango la matangazo, hata liwe zuri namna gani, halijazi mto.

5. Ya kwanza ya aina yake: Kitulo

Hifadhi nyingi huanzishwa kwa ajili ya tembo na simba. Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, ya kwanza katika Afrika ya tropiki. Ina kilomita za mraba 413 tu, lakini ndani yake zimehesabiwa aina 350 za mimea, okidi zikiwa 45. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kabla ya hapo viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa mpaka Zambia, ambako hupikwa chikanda, na uwanda ulikuwa unakwisha.

Kitulo pia imo katika ushindani mkali kuliko wowote kusini. Mlima wake Mtorwi una mita 2,961, jirani yake Mlima Rungwe 2,960. Tofauti ni mita moja! Mtoto wa chekechea akisimama kileleni Rungwe anakaribia kusawazisha matokeo.

6. Kongwe kuliko yote: Isimila

Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, mashoka ya mawe yenye umri wa miaka inayokadiriwa kufika 260,000 yametapakaa kwenye korongo. Aliyeyaona akatoa taarifa mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi kutoka Johannesburg.

7. Safari ndefu kuliko zote: fuvu la Mkwawa

Miaka 56. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, alikufa mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954, ambako limo makumbushoni. Mkataba wa Versailles wa 1919 una vifungu 440. Kimoja, cha 246, kinalitaja fuvu hilo. Ni makumbusho gani ya wilaya duniani yenye kitu kilichotajwa kwenye mkataba wa kumaliza vita ya dunia?

8. Juu kuliko sehemu zote za reli ya TAZARA: Uyole

Reli ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na sehemu yake ya juu kabisa ni hapa Uyole, mita 1,789. Kutoka Soweto unafika kwa daladala.

9. Pengo pana kuliko yote: kutoka 8 hadi 91

Sasa kubwa lao. Mwaka 2017 Jukwaa la Uchumi Duniani lilipima ushindani wa utalii wa nchi 136. Kwa utajiri wa maliasili Tanzania ilikuwa ya 8. Kwa ushindani wa jumla, ya 91. Nafasi 83 zimepotelea njiani, na njia yenyewe ndiyo sehemu ya tatizo: kilomita 104 za Iringa hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, kwa miaka mingi zimekuwa za vumbi. Kwa basi, Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, siku nzima kwenye kiti.

Mwaka huohuo wa 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Selous. Aprili 2024 fedha zilisimamishwa kufuatia malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na Ruaha kwamba wananyanyaswa na kuhamishwa, na Novemba mwaka huo mradi ukafungwa. Kwangu hilo ni somo la ushindani kama yalivyo mengine: jirani wa hifadhi akiwa na kinyongo, mgeni hafiki, na mkopeshaji naye huondoka.

Silaha kubwa tunayo tayari. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, una njia ya kurukia ya mita 3,330. Mgeni aliyetua asubuhi anaweza kuushika mkono wa Kimondo kabla ya chakula cha mchana, na kesho yake akapanda hadi ukingo wa Ziwa Ngozi, bonde la volkano lenye maji ya urefu wa kilomita 2.5. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuzia safari hiyo ikiwa kifurushi kimoja, yenye bei inayojulikana, mwongozaji aliyefundishwa na choo safi kila kituo.

Moroko, kinara wa Afrika, ilipokea wageni milioni 17.4 mwaka 2024. Sisi tuanze na Coaster moja ya abiria 30 kila Jumamosi kutoka Soweto: wageni 1,560 kwa mwaka, wachache kuliko hata kipunji. Kwa Coaster mbili tumewapita!